Mdogo Wangu Mchungaji Amempiga Babu

Mpendwa Shangazi Revai, naomba msaada wako, na tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana najua utacheka, hata mimi nisingekuwa ndani ya jambo hili ningecheka mpaka nishike mbavu. Mimi mwenyewe ni shangazi wa watu, watoto wa ndugu zangu wakigombana na wake zao huja kwangu, nawakalisha jikoni, nawasikiliza, nawagombeza, nawarudisha makwao wameshikana mikono, na leo shangazi anatafuta shangazi. Nipo hapa Buhera, binti wa ukoo wa Mhofu, sisi tusiokula nyama ya pofu, swala yule mkubwa, kwa hiyo watu huniita Chihera kama wanavyowaita mabinti wote wa ukoo huu, na unajua tunavyosemwa, kwamba Chihera akiolewa, mume ndiye anayeolewa. Yote wanayosema ni kweli. Ila mwezi huu Chihera ameishiwa maneno.

Katika zizi letu kuna fahali mweusi mwenye baka jeupe begani, na fahali huyo ni babu yetu Muzondiwa. Wewe sina haja ya kukueleza, lakini wasomaji wako wengine wamekulia kwenye maghorofa ya Harare, niwakumbushe. Babu alipofariki, na mwaka ulipopita roho yake ikarudishwa nyumbani kwa pombe na ngoma, wazee walichagua fahali kijana wakampa jina lake, wakammiminia pombe mgongoni, naye akajitikisa, ikawa amekubali. Huyu wa sasa ni wa tatu kulibeba jina. Halimi, hauzwi, hapigwi. Ukipita zizini asubuhi unachuchumaa, unapiga makofi, unamwuliza, "Babu, umeamkaje?" Akila mahindi ya jirani, jirani hulalamika kwa adabu.

Sasa amezeeka, meno yamekwisha, anasimama kwa shida, na inabidi tumuage kwa heshima, achinjwe, aliwe na familia, na jina lake apewe fahali kijana aliyekwisha kuchaguliwa, tena ifanyike kabla Oktoba haijaisha, maana Novemba hatugusi kitu, hakuna harusi wala pombe ya wazee, ni mwezi wa kunyamaza, na mvua ya kwanza itamwangusha Babu matopeni. Fahali wa jina akijifia mwenyewe kwenye matope, bila kuagwa na bila mrithi, jina linabaki halina pa kulala. Na nyumbani kwetu anayemimina pombe juu ya fahali mpya ni binti mkubwa wa nyumba, shangazi wa wote. Shangazi zangu wote wameshatangulia. Mkono uliobaki ni wangu.

Upande wa pili, Shangazi, mimi ni mama wa blauzi nyekundu. Kila Alhamisi nafunga kitambaa cheupe kichwani, navaa sketi nyeusi na blauzi yangu, navuka mto mpaka kanisani kwa wenzangu wa umoja wa akina mama. Blauzi ile sikuichukua dukani kama gauni, niliisomea, nikapimwa mwenendo, nikavishwa mbele ya kanisa zima huku mama yangu akipiga vigelegele mpaka mchungaji akaacha kusoma akamngoja amalize. Tumeogesha wagonjwa waliokimbiwa na watoto wao, tumelea yatima, tumechimba kisima cha shule kwa majembe yetu wenyewe. Na mama wa blauzi akifa huvikwa blauzi yake, wenzake humbeba wakiimba na kutikisa vibuyu, wanaume wanangoja pembeni mpaka tumalize. Mazishi yangu nimeshayaona mara nyingi kichwani, najua hata nani ataanzisha wimbo, na nakiri kwamba nayaona mazuri.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mdogo wangu Zvenyika ni mchungaji huko Harare, ana kanisa lake la hemani, na ana suti nyeupe. Sina ubaya na suti. Alikuja Agosti kutusalimu, mkewe akaifua akaianika kwenye kamba nyuma ya jiko, na ukame huu ng'ombe wanatafuta chumvi popote, hata mashati yenye jasho wanatafuna. Babu akatoka zizini kwa miguu yake ya kizee, akapita mashati ya watoto, akapita vitenge, akaenda moja kwa moja kwenye lile koti jeupe, akatafuna mkono wa kulia wote mpaka kwapani, amefumba macho kwa utamu.

Zvenyika akatoka na fimbo, na sote tuko uani. Akampiga mgongoni, akarudia, akarudia tena. Wanawake wakaziba midomo kwa vitenge. Baba mdogo Takawira, aliyetulea baada ya baba kufa, akakaa chini kwenye vumbi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Babu hakukimbia wala hakuinamisha pembe, alimtazama tu, mkono wa koti ukining'inia mdomoni, kisha akageuka akarudi zizini mwenyewe.

Baba mdogo akauliza, "Zvenyika, umempiga nani?"

"Nimempiga ng'ombe, baba."

"Sikukuuliza ni mnyama gani. Nimekuuliza umempiga nani."

Zvenyika aliingia ndani, na chakula hakula.

Kesho yake kulipokucha nilikwenda kufungua zizi nikamkuta mdogo wangu amechuchumaa kwenye samadi, suruali nyeupe, koti hana, anapiga makofi yale ya polepole ya wanaume wetu, kiganja juu ya kiganja, ugoro kaumwaga chini mbele ya kwato, na ugoro sijui kaupata wapi mtu asiyevuta. Anasema, "Babu, nisamehe, zilikuwa hasira za koti, watoto wangu wasiandamwe kwa ajili yangu." Nikakohoa. Akaruka kama aliyevamiwa na siafu.

"Dada, hukuniona."

"Nimemwona nani? Mimi nimefuata ng'ombe."

"Nilikuwa naomba tu."

"Nimesikia. Umeomba vizuri, hata marehemu baba hakuwa anaomba hivyo."

Ningeyaacha hapo, Shangazi, na ningempenda zaidi kuliko siku zote. Lakini Jumapili ileile alipewa nafasi ya kuhubiri kwenye darasa la shule ya msingi, akasimama, koti la kuazima, akasema katika boma fulani kuna pepo lenye pembe linaloitwa babu, lipelekwe mnadani, na kwamba kuna mama wa blauzi nyekundu anayelipikia pombe. Kila kichwa kikanigeukia. Nami nikamtazama yeye, akatazama dari.

Maneno yakamfikia Mama Chirandu, mwenyekiti wetu. Wiki iliyopita alikuja kwangu na wenzake wawili, wakanywa chai yangu, wakala viazi vitamu vyangu na siagi ya karanga, wakasifu, halafu Mama Chirandu akafuta mikono akasema, "Chihera, mkono mmoja umeshika chungu cha mizimu, mwingine umeshika Biblia. Wa kumshika Yesu uko wapi?"

Nikasema, "Mama Chirandu, mikono hii ndiyo iliyomwosha mama yako alipofariki."

"Ndiyo maana naionea huruma. Ukimimina ile pombe, Alhamisi inayofuata utaivua blauzi mbele ya wenzako. Na ukifa, tutakuja msibani kama majirani."

Kama majirani, Shangazi! Neno hilo sijalimeza mpaka leo.

Na usidhani kwetu tulikuwa wapagani tukaongoka jana. Mama yangu alivaa blauzi hiyohiyo, amezikwa nayo. Mwaka ule mwanangu Kudzanai alipovuka mto Limpopo kwenda Afrika Kusini akapotea, msimu mzima hana salamu hana simu, mama alitoka Alhamisi kanisani, hata blauzi hajabadilisha, akapita moja kwa moja zizini akasimama mbele ya Babu, mikono kiunoni.

"Muzondiwa! Nimekupikia pombe tangu nilipoolewa hapa, mgongo umepinda kwa ajili yako, nawe kazi kutafuna! Kitukuu wako yuko wapi? Macho unayo huko uliko, au umelala? Tukimkosa huyu mtoto nani atakupikia pombe, nzi? Haya, wewe uko karibu na Mungu kuliko sisi, mwambie. Nimemaliza." Akapiga makofi kwa heshima zote, akaikung'uta blauzi, akaenda kuota jua.

Kudzanai alipiga simu kabla hatujavuna. Sisemi ni Babu, sisemi si Babu. Baba mdogo alikuwa amepanda basi mpaka mpakani kuulizia, akina mama wa Alhamisi walikuwa wamefunga na kuomba, mimi nilikuwa nazunguka kwa kila aliyerudi kutoka huko, na mama aligombana na Babu. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na mtoto akapatikana. Hivyo ndivyo nyumba yetu inavyokwenda, waliopo na waliotangulia, na naionea fahari, sitaki kusema uongo.

Hata mkwe wangu Saidi, mume wa binti yangu, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja kutoka Malawi kufanya kazi migodini, amenielewa kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Kwetu mkwe ndiye huchinja, na niliona haya kumwomba. Alikuja akachuchumaa mlangoni, macho chini kama mkwe anavyopaswa, akasema, "Mama, kisu changu kinajua jina moja tu, nitasema Bismillahi na sitaongeza neno. Mkiridhika na hivyo, nachinja. Ya kuzungumza na babu yenu zungumzeni wenyewe. Sisi nyumbani baba yangu alipofariki tulisoma hitima, na kila mwaka tunakaa tunamwombea, kwa hiyo sikushangai." Baba mdogo akasema Babu alipenda watu waliojua wanachokisema, kisu hicho kinafaa.

Sasa ulezi umeshalowekwa ukaota, kimea kimekauka, bibi zetu wanangoja neno langu wawashe moto, na siku iliyowekwa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nishike chungu nivuliwe blauzi na nizikwe kama jirani? Nimwache Babu aangukie matopeni niendelee kuimba Alhamisi kama hakuna kitu? Au nisimame mbele ya watu niseme nilichokiona zizini kulipokucha, mchungaji akose pa kuweka uso? Ulimi unaniwasha, Shangazi, unaniwasha mpaka usingizini. Nishauri.

Chihera mwenye mikono miwili, Buhera

*

Shangazi Revai anajibu:

Chihera, nimecheka. Nilipofika kwenye koti la mchungaji niliweka barua mezani nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikaisoma tena kuanzia kwenye kamba ya nguo. Sasa nimemaliza. Vuta kigoda ukae, maana mimi sinywi chai ya mtu halafu nikamtisha, mimi nakutisha kabla ya chai.

Nianze na ulimi wako unaowasha. Mdogo wako alifanya kosa ambalo hapa kwetu tu mtu anaweza kulifanya, alimcharaza babu yake kwa sababu ya nguo. Halafu akafanya jambo ambalo watu wengi wenye suti hawaliwezi, alichuchumaa kwenye samadi akaomba radhi, peke yake, bila wa kumpigia makofi. Umelificha lile ulilomwona akilifanya kama mtu anayekausha nyama, unangoja siku ya njaa uitafune. Acha. Wewe si karani wa mizimu. Aliyeomba radhi kwa Babu ameshamalizana na Babu, na Babu hakukutuma ukadai kilichobaki. Ukilitangaza, utakuwa umeshinda Jumapili moja na kumpoteza ndugu wa tumbo moja, halafu mtakaa kwenye pombe ya Jumamosi kila mtu amempa mwenzake mgongo. Pombe gani hiyo? Hata mlevi hawezi kuinywa.

Sasa Mama Chirandu. Namheshimu, sijasema neno baya juu ya mama aliyechimba kisima kwa jembe. Lakini wewe, Chihera mzima, uliyejisifu kwamba waume huolewa kwenu, ulishindwaje kumjibu? Ulikuwa na jibu mkononi ukanipa mimi! Rudia kusoma ulichoandika kuhusu mama yako. Alisimama mbele ya fahali, blauzi mwilini, akamwuliza nani atakupikia, nzi? Niambie, kuna mtu anayemwabudu Mungu akamwuliza hivyo? Mungu tunampigia magoti, tunanyamaza, tunasema mapenzi yako yatimizwe. Babu tunamgombeza. Tunamlaumu amelala, tunamkumbusha alichokula, tunamwagiza kwa Mungu kama tunavyomwagiza mjomba aliye mjini atupelekee neno ofisini. Lugha hiyo ni ya jamaa. Mama yako alizijua lugha mbili na hakuzichanganya hata siku moja, na ndiyo maana aliweza kutoka kanisani akapitia zizini na nguo ileile.

Nami nikuulize, kwani ni nyinyi peke yenu? Mimi ni Mkatoliki. Novemba ileile ambayo wazee wetu walisema tunyamaze, kanisa langu linasema tuwaombee marehemu mwezi mzima, na mimi naandika majina ya watu wangu nayapeleka altareni, na sijawahi kuambiwa nivue kitu. Mkweo anasoma hitima. Hapa mjini jirani yangu Bwana Naran, Mhindu mwenye duka la vitambaa, kila mwaka hutoa wali wa wazee wake, anauweka ukutani ili kunguru waule, na siku kunguru wakichelewa anakosa raha, anatembea uani anawaita. Nilimwuliza siku moja, "Bwana Naran, na wasipokuja?" Akaniambia, "Mama, lazima nimewaudhi mahali." Nikacheka naye, kisha nikakumbuka kwamba nami huwa nasema maneno hayohayo mshumaa wa mama yangu ukizimika. Kila mtu ana mlango wake, Chihera. Ila hakuna nyumba nijuayo, ya msalaba wala ya msikiti wala ya kunguru, inayomzika mzazi wake halafu ikasema basi, tumemalizana.

Lakini usijivune haraka, bado sijamaliza na wewe. Barua yako yote inauliza watakufanya nini. Hukuuliza Babu anakuhitaji kwa lipi. Mnapenda sana kumkumbuka fahali pale mtoto anapopotea. Ndugu wa kuonana siku za shida tu anaitwaje kwenu? Kwetu tuna jina lake, siliandiki gazetini. Kudzanai alipopotea mlimwita Babu, mkamgombeza, na mkaona fahari. Basi leo yeye ndiye anayeita. Meno hana, miguu hana, na jina lake linatafuta mgongo wa kukaa. Anakuomba kata moja ya pombe na sauti ya binti wa nyumba. Yeye amewaangalia, nanyi mwangalieni. Ukipokea kwa mkono huu, toa kwa mkono ule, hakuna siri nyingine katika jambo hili.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye mazishi yako, ambayo umeshayapanga mpaka mwanzilishi wa wimbo. Sikucheki kwa hilo, yangu pia nimeyapanga, na ni mazuri kuliko yako. Lakini fikiri. Unalia kwa nini ukiambiwa watakuja kama majirani? Utakuwa umekufa, hutasikia vibuyu. Unalia kwa sababu unaamini ukiwa umelala pale bado utakuwa mama wa Alhamisi, bado utakuwa wao, na wao watakuwa na deni la kukuita kwa jina na kukubeba kwa mikono yao. Hicho unachokitaka, mama, ndicho Babu Muzondiwa anachokitaka. Huwezi kumnyima yeye ukakinga mkono wewe. Nenda kamwambie Mama Chirandu maneno hayo, mwambie taratibu, halafu mwulize picha ya mama yake mzazi, yule uliyemwosha, iko wapi. Najua iko wapi. Iko juu ya kabati mbele ya kitanda, na kila asubuhi anaisalimu, maana hakuna mwanamke wa umri wetu asiyefanya hivyo.

Haya, kazi. Leo hii waambie bibi zako wawashe moto, kimea hakingoji mikutano. Alhamisi vaa blauzi yako uende kanisani mapema, na usingoje kuitwa. Simama mwenyewe, useme Jumamosi nammiminia babu yangu pombe, namshukuru Mungu aliyenipa babu, na ninawaalika nyote mje, Mama Chirandu afungue kwa sala. Wapikie chai na maziwa ya kutosha, wasipate kisingizio. Wakikataa kuja, usibishane, na Jumamosi usiivae blauzi kuwakomoa. Blauzi si bendera ya ugomvi. Wakitaka kukuvua, usingoje kuvuliwa. Ifue, ipige pasi, ikunje, uikabidhi kwa mikono yako miwili, useme naiweka kwenu, sijaiacha. Kisha Alhamisi inayofuata rudi na gauni lako la kawaida, kaa benchi la nyuma kabisa, uimbe kuliko wote. Nakuhakikishia hawataweza kuvumilia miezi mingi, kwaya isiyo na Chihera mimi naijua. Blauzi inaweza kurudi. Fahali hawezi kungoja.

Mdogo wako mpigie simu. Usimtishe, usimkumbushe samadi. Mwambie hivi, "Mzee anatolewa zizini Jumamosi, anahitaji mjukuu wa kiume wa kumtembeza." Asipotaka kuja kama mchungaji aje kama Zvenyika, mtoto wa nyumba. Aje na shati tu. Akija, mpe kamba, umwache atembee mbele ya watu mwendo ambao siku ile alitembea peke yake. Asipokuja, kamba aishike baba mdogo, na siri ya zizini uzikwe nayo, kwa blauzi au bila blauzi. Saidi mwambie achinje kwa jina analolijua, asiongezewe neno na mtu yeyote, na akimaliza apewe maji ya kunawa wa kwanza, kwa heshima. Huyo ni mkwe. Wengine wenye wakwe wa kanisani mwao wangemtamani.

Na wewe, ukikishika chungu, usinong'one kama mtu anayeiba. Mimina kwa mkono ulionyooka. Mtaje Muzondiwa, umtaje baba yake, uwataje wote unaowakumbuka na mama yako mwenye ulimi mkali. Fahali kijana akijitikisa, pigeni vigelegele wasikie mpaka ng'ambo ya mto. Halafu kabla hujaweka kata chini, jitaje na wewe. Usiseme Chihera, Chihera wako wengi. Sema jina ulilopewa siku uliyozaliwa, lote, kwa sauti, na majina ya watoto wako. Mwambie ni wewe uliyemimina. Siku utakapofika kwake, akujue.